Mdomo wa Mama Tamista

Asubuhi ile watu wa kichochoro cha wapika dengu, hapa Karanisi, waliamka wote kabla ya jua, na kila mmoja alidhani ni yeye tu aliyekosa usingizi. Wakafungua milango, wakachungulia, wakatazamana. Punda walikuwa kimya. Njiwa walikuwa bado ndani ya minara yao. Hakuna aliyekuwa akiuliza kwa sauti ni nani aliyemwaga maji machafu mbele ya nyumba yake, wala aliyekuwa akimwambia mke wa mtu kwamba nguo ya jana ilimnenepesha. Kilichowaamsha ni ukimya.

Satabu mchoraji alikuwa ameshaketi mbele ya jiko lake la makaa. Alishusha chuma cha moto juu ya shavu la picha ya mkusanya kodi fulani aliyekuwa akimchora kwa nta, na mkono wake haukuruka. Ndipo alipoamini. Miaka yote alikuwa amefanya kazi akitarajia sauti ya ghafla kutoka nyumba ya pili, na nyuso nyingi alizozichora zina mkwaruzo mdogo karibu na sikio kwa sababu hiyo hiyo. Sasa mkono ulikuwa umetulia, na yeye hakuupenda utulivu wake.

Aliyeondoka na kelele zote hizo aliitwa Tamista. Alipika dengu kwenye chungu kikubwa mlangoni pake, dengu zenye bizari na kitunguu, na aliziuza kwa maneno mengi kuliko dengu zenyewe. Aliolewa msichana na Nefero, kijana aliyewalisha mamba watakatifu wa hekaluni. Mjini watu walikuwa wakingojea siku ambayo mmoja wa wale mamba angemtwaa Nefero, kifo ambacho kwetu ni heshima kubwa. Nefero akafa kwa homa. Tamista hakuisamehe homa ile. Alisema mamba walimheshimu mume wake kuliko mbu walivyomheshimu.

Nefero hakupelekwa mchangani kwenye makaburi. Wakausha maiti walimlaza kwenye magadi, wakamfunga kitani, wakampachika usoni, kama tufanyavyo kwetu, ubao wa sura yake aliyochorwa siku chache baada ya arusi, na Tamista akamsimamisha sebuleni, karibu na magunia ya dengu. Wengi hukaa na wafu wao nyumbani mwaka au miwili. Tamista alikaa na wake hata baada ya binti yao kuolewa. Alimsimulia habari za soko. Akigombana na mgeni alimgeukia na kusema, "Nefero, umemsikia huyu?" Halafu akanyamaza kidogo, akatikisa kichwa, akamgeukia mgeni. "Amesema wewe ndiye mwenye makosa."

Yeye mwenyewe hakuwa na sura ya kupachikwa. Siku ile alipochorwa Nefero, marehemu baba yake Satabu alimketisha Tamista vilevile, akaanza na shingo, akafika kidevuni, akatupa chuma chini. Alitangaza kwamba anayetaka kumchora bibi huyu asubiri afe kwanza.

Kwa hiyo Satabu alishangaa siku Tamista alipobisha hodi karakanani, mikono mitupu.

"Karibu, mama. Lakini leo dengu sitaki, nimeshakula."

"Nani kakuletea dengu? Nimeleta uso."

Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa amekonda tangu mavuno, na tumbo peke yake ndilo lililokuwa limenenepa. Mganga alikuwa amelibonyeza tumbo hilo asubuhi ile, na kisha akaanza kuzungumzia upepo na bei ya vitunguu. Tamista alimjua mganga huyo tangu utotoni. Hakuwa mtu wa kuzungumzia upepo.

"Nataka unichore, fundi. Lakini usinichore mimi. Nichore yule wa zamani."

"Wa zamani yupi?"

"Aliyeolewa na Nefero. Mwenzangu alikufa kijana. Nenda kamtazame pale ukutani, hata ndevu hazijamaliza kuota. Mimi nikifika huko na mikunjo yote hii, ataniinukia aniamkie shikamoo."

Satabu akacheka. Tamista hakucheka, na hapo Satabu akaacha.

"Roho ya marehemu inaruka mchana kama ndege," alisema Tamista, taratibu, jambo ambalo si kawaida yake. "Ikirudi inatafuta uso wake. Sawa. Na yeye je, atanitafuta kwa uso upi? Anaujua mmoja tu. Asiponitambua nitakaa huko milele na milele na mume wangu ananiita bibi."

"Mama, mimi sikukuona ukiwa msichana. Nilikuwa nanyonya."

"Ulikuwa unanyonya na kulia. Nakumbuka. Ulikuwa na sauti mbaya sana." Akasimama. "Kesho uje kwangu na moto wako. Siwezi kuacha chungu."

Satabu alibeba ubao wa mkuyu uliolainishwa na kupakwa rangi ya majivu, vikaango vyake vidogo vya shaba, mabonge ya nta na vifuko vya rangi, akahamia uani kwa Tamista. Jiko la dengu lilikuwa upande mmoja, jiko la nta upande wa pili, na Tamista katikati akiongoza yote mawili. Kwa kuwa sura ya ujana haikuwepo tena, walimketisha binti yake, Tanefremi, ambaye watu walisema ni mama yake aliyezaliwa upya bila ulimi. Satabu angechukua umbo la uso kwa binti, na yaliyobaki angeelezwa.

Kuelezwa ndiko kulikomtoa jasho.

"Hiki nini?" Tamista aliuliza.

"Nta."

"Nta gani nyeupe hivi? Umeitia maziwa?"

"Ilikuwa ya manjano, mama. Nimeichemsha kwenye maji ya chumvi, nikaianika juani, nikaichemsha tena, nikaianika tena."

"Na hiki cheusi?"

"Masizi ya taa."

"Loo! Na mimi nayafuta ukutani miaka yote kama mjinga, kumbe nafuta nyusi za watu."

Aliyeyusha nta kwenye vikaango, kila kimoja na rangi yake: udongo mwekundu, udongo wa njano, nyeupe ya madini ya risasi, na ile bluu inayotoka Aleksandria. Kwa nguo na nywele alitumia brashi. Kwa ngozi alitumia chuma chenye ncha pana kama ulimi wa paka, akikipitisha motoni, akichota rangi, akiiweka shavuni kwa mikwaruzo mifupi iliyofuatana. Alifanya haraka, pumzi ameibana.

"Mbona mbio hivyo? Nani anakufukuza?"

"Nta ikitoka motoni inanipa pumzi moja tu. Ikipoa haisogei tena."

"Kama dengu zilizolala."

"Kama dengu zilizolala, mama. Tanefremi, dada yangu, usigeuke."

"Sijageuka. Ni mama ananivuta."

"Nakunyoosha shingo! Mimi nilikuwa na shingo. Wewe umerithi ya baba yako."

Kufikia saa sita majirani walikuwa wamejaa uani, na kila mmoja alikuwa na Tamista wake wa zamani. Mmoja alikumbuka mashavu ya mviringo, mwingine alikumbuka mashavu yaliyobonyea. Herakleia, mpika pombe wa nyumba ya tatu, aliyekuwa amegombana na Tamista kwa zaidi ya nusu ya maisha yao wote wawili na hakukosa kuja kwake hata siku moja, alisimama nyuma ya Satabu mikono kiunoni.

"Pua ndogo hiyo. Ya kwake ilikuwa inaingia nyumbani kwangu kabla yake."

"Shoga, wewe ulikuwa unaniangalia kwa wivu, huwezi kukumbuka vizuri."

"Wivu wa nini? Nefero alinitaka mimi kwanza."

"Nefero, umemsikia huyu?" Tamista alipaza sauti kuelekea sebuleni. Akasubiri. "Anasema hakujui."

Watu waliangua kicheko. Herakleia, ili asionekane ameshindwa, akakata kipande cha mkate, akainama jikoni na kuchovya. Sasa, dengu za Tamista zilipoiva vizuri zilikuwa na rangi ya udongo wa njano, na udongo wa njano ndio uliokuwa ndani ya kikaango ambacho Satabu alikuwa amekiteremsha kipoe. Herakleia aliuma. Akatafuna. Uso wake ukawa na fikra nyingi. Akajaribu kufungua mdomo, ukakataa.

"Zikoje leo?" Tamista aliuliza kwa upole, maana alikuwa ameona.

Herakleia alitoa sauti kama ya ndama.

"Jamani! Siku ya kwanza tangu tujuane!" Tamista alipiga makofi, machozi yakamtoka. "Fundi, hii nta yako ni dawa. Niuzie bonge moja niweke akiba."

Ilibidi Herakleia asukutue kwa pombe moto mpaka nta ikalainika, naye akasukutua zaidi ya ilivyohitajika. Pale kwenye mkate yalibaki meno yake yamejichora vizuri, na Satabu, ambaye hakuwahi kumchora mtu meno, aliyatazama kwa muda mrefu kidogo kabla ya kuyatupa.

Kazi ile haikwisha upesi. Tamista alikuwa akichoka mapema zaidi kila siku. Maneno yalibaki yale yale ila sasa aliyasema akiwa ameegemea ukuta. Satabu alianza kuja mapema na kuondoka jua likizama. Kidogo kidogo, kutoka katika ubao ule wa kijivu, msichana alijitokeza. Shingo ndefu. Nywele zimepangwa kwa mtindo ambao wanawake wa siku zile waliufuata kutoka Roma. Hereni za lulu ambazo Tamista hakuwahi kuwa nazo, lakini alisema huko anakokwenda hakuna atakayeuliza. Satabu alipopitisha makaa karibu na ubao ili mikwaruzo ishikane, mashavu yale yalipata uhai wa ngozi iliyotoka kuoshwa, na mwanga ukaingia ndani ya nta ukakaa humo. Alijua mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba hajawahi kuchora kitu kizuri kama hicho na huenda asichore tena. Usiku ule alikula bila kusikia ladha ya chakula, akimfikiria msichana ambaye hakuwahi kuwepo hasa, aliyetengenezwa kwa shingo ya binti, ubishi wa majirani na masizi ya taa.

Walimpeleka msichana huyo wa ubaoni sebuleni ili awekwe kando ya Nefero waonekane pamoja. Majirani walimiminika mlangoni. Tanefremi aliushika ubao usawa wa uso wa baba yake. Na kweli, walipendeza. Vijana wawili, macho makubwa, midomo imefungwa kwa adabu kama wachorwavyo watu wote kwetu, walitazama mbele kana kwamba arusi ilikuwa jana.

Tamista alisimama mbele yao. Hakusema kitu. Herakleia alihesabu pumzi na baadaye aliapa kwa Mamba Mtukufu kwamba hakuwahi kuona jambo kama lile.

"Huyu nani?" Tamista aliuliza mwishowe.

"Ni wewe, mama," alisema Tanefremi.

"Si mimi. Huyu hajapika dengu hata siku moja. Tazama kope zake, moshi haujazifikia." Akasogea karibu. "Na anavyomwangalia! Nefero, tazama mbele, acha kumwangalia huyu."

Watu wakaanza kucheka. Wakaona uso wake, wakaacha, kisha mmoja akashindwa kujizuia na wote wakaanza tena.

"Mnacheka? Mimi namjua mume wangu! Akitokea huyu mlangoni, ataondoka naye. Mimi nitafika nyuma na bakuli langu, roho yangu itatafuta uso, itakuta ni wa mwanamke mwingine. Nimempikia marehemu huyu maneno kila siku tangu afe. Kila siku! Halafu nimletee kwa mkono wangu mke mdogo?" Akaketi juu ya gunia. "Fundi, mtoe."

Satabu alisogea karibu na ubao. "Mama, ni wewe uliyetaka..."

"Najua nilichotaka. Mtoe."

"Nta haitolewi. Inayeyushwa."

"Basi yeyusha."

"Na Nefero je?" aliuliza Satabu, akiutetea ule uso kwa silaha ya mwisho aliyokuwa nayo. "Ulisema hatakutambua."

Tamista alifikiri. Hili ndilo lililokuwa swali tangu mwanzo na halikuwa limeondoka. Alimtazama Nefero, akautazama ubao, akajipapasa mikunjo ya mdomo kwa kidole.

"Usiku wa arusi taa ilizimika," alisema. "Yule kijana alikuwa anatetemeka, hajui aelekee wapi, anagonga vyungu. Mimi nikaongea. Niliongea mpaka akanifikia." Akainua kichwa. "Nichore naongea."

Hakuna aliyecheka mara hii.

"Watu hawachorwi mdomo wazi, mama."

"Mimi si watu."

Kesho yake Satabu aliwasha makaa, akakipasha chuma mpaka hewa juu yake ikatetemeka, na akakiweka kwenye shavu la yule msichana. Shavu lilichelewa kidogo, halafu likaanza kwenda. Alikuwa amejiambia atafanya haraka asione. Lakini nta ilimlazimisha aone. Rangi ya juu ilipolainika ilijichanganya na ya chini, na wekundu wa ujana haukuondoka, ulizama tu, ukabaki kama joto chini ya udongo wa kahawia aliouweka juu. Alichimba mikunjo kwa ncha ya chuma, na ndani ya kila mkunjo palikuwa na kidogo cha yule mwingine. Macho aliyaacha. Tamista, aliyeketi mbele yake safari hii badala ya binti, alikuwa na macho yale yale na hakuna aliyekuwa ameona.

"Nyamaza kidogo nipate kidevu," aliomba.

"Sinyamazi. Nikinyamaza utakosea."

Kwa hiyo alimchora akiongea. Alimchora akieleza namna ya kuchagua vitunguu, akimsema mkwe wake, akilalamikia mgongo. Midomo ilikuwa haikai, na nta ilimpa pumzi moja moja, na yeye aliiba kipande hapa, kipande pale, mpaka katikati ya midomo ikabaki nafasi nyembamba nyeusi na ncha za meno mawili ya juu. Herakleia alishauri wapake midomo dhahabu kama wafanyavyo matajiri. Tamista akasema dhahabu hiyo ingebanduka kabla ya kufika jioni.

Habari zilifika hekaluni. Kuhani Orsenufi alikuja mwenyewe, kichwa kimenyolewa kinang'aa, akautazama ubao kwa hofu.

"Mama Tamista, hii haijawahi kutokea. Mdomo wa marehemu tunaufungua sisi, siku ya mwisho, kwa chombo kitakatifu na maneno yake, ili aweze kula na kusema huko. Ukienda ukiwa umeshafunguliwa, sisi tutafungua nini?"

"Nimekupunguzia kazi, baba kuhani. Uliniambia mgongo unakuuma."

"Si mzaha! Ni lazima ufungwe kwanza ndipo ufunguliwe."

Watu wote uani wakasubiri Tamista ajibu. Akapatwa na kikohozi, akainama, mkono tumboni, na kikohozi hakikuisha upesi. Kuhani alibaki amesimama, akiona mifupa ya mabega ikipanda na kushuka chini ya shuka. Alikuwa amekula dengu mlangoni pale tangu akiwa na nywele.

"Hata hivyo," alisema kwa sauti ya chini, "wa kwako, Tamista, ulifungwa lini?"

Tamista alifariki siku chache baadaye, alasiri, akimweleza Tanefremi dengu zilowekwe kwa muda gani. Hakumaliza. Tanefremi anasema mpaka leo hajui, na huwa anakisia.

Wakausha maiti walimaliza siku zao za magadi, wakamfunga kitani kwa mistari iliyopishana, wakaacha dirisha usoni. Satabu aliukata ubao pembe za juu ili uingie, kazi ambayo huwa anamwachia mtu mwingine. Orsenufi alikuja na chombo chake kitakatifu. Alikigusisha midomoni, akasoma maneno yote bila kuruka, ila alisoma haraka, na alipomaliza alirudi nyuma hatua moja kama mtu anayetarajia kujibiwa.

Mama Tamista sasa yuko sebuleni kwa binti yake, aliyerithi nyumba. Amesimama mkono wa kushoto wa Nefero, karibu na magunia. Watapelekwa mchangani wote wawili maji ya mto yakishapungua.